Naomba ushauri: binti yangu anabaguliwa kwa rangi katika baleti

Ndugu zangu, binti yangu ana miaka 16, anasomea baleti hapa Marekani na anataka iwe kazi yake ya maisha. Mwalimu wake amemwambia kwamba rangi yake inaharibu ulinganifu wa safu, na tangu hapo hapangiwi nafasi yoyote ya maana.

Nimemsimulia habari za Raven Wilkinson, mchezaji baleti Mweusi wa Marekani aliyejiunga na kundi la baleti la Ballet Russe de Monte Carlo mwaka 1955, akapata vitisho kutoka kwa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, katika majimbo ya kusini, na baadaye akalazimika kwenda kucheza Uholanzi. Mwaka 2015 alipanda jukwaani kumkabidhi maua Misty Copeland, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre. Habari hiyo ilimtia nguvu, lakini bado analia usiku, na mimi inaniuma sana.

Je, nimhamishie shule ya Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti la New York lenye wachezaji wengi Weusi, lililoasisiwa mwaka 1969, ambako wachezaji huvaa soksi na viatu vinavyolingana na ngozi zao, ingawa itatubidi kuhama mji, au abaki alipo, nami niuandikie uongozi wa shule yake malalamiko rasmi? Wazazi mliopitia haya, mliwasaidiaje watoto wenu wasikate tamaa?