Nyumba ya tajiri wa sukari Bristol: tusifie mawe tu, au tumtaje na Pero?

Wadau, naomba tulijadili hili. Bristol, Uingereza, mtaa wa Great George namba 7, kuna nyumba ya mtindo wa Kijojia, yaani wa enzi za wafalme wanne walioitwa George, 1714 hadi 1830. Ilijengwa mnamo 1790 kwa ajili ya John Pinney, mwenye mashamba ya miwa kisiwani Nevis, huko Karibiani. Leo ni makumbusho, na inalindwa na sheria nje na ndani.

Ni nyumba nzuri, sibishi. Uso wake ni wa mawe ya chokaa yaliyochongwa yakakaa sawasawa, na madirisha yamepangwa kwa vipimo hata jicho linatulia. Chini kabisa kuna kidimbwi cha mawe cha kuogea maji baridi. Nilisimama pale ukingoni muda mrefu.

Wapo wanaosema habari za utumwa zikae chumba kimoja, kwingine watu wafurahie usanifu. Mimi napinga. Mwaka 1765 Pinney alimnunua Pero, mtoto wa miaka 12, pamoja na dada zake wawili, Nancy na Sheeba. Mwaka 1783 akaja naye Bristol, na katika nyumba hii Pero ndiye aliyekuwa mtumishi wake wa karibu. Alifariki 1798 bila kupewa uhuru. Sasa mtu kama huyo utamfungia chumba gani, wakati kazi yake ilikuwa kumfuata bwana kila chumba?

Mchangiaji: Mkuu, uchungu wako naufahamu, ila fundi aliyechonga yale mawe naye ana haki ya kutazamwa. Ukijaza maelezo kila ukuta, nyumba yenyewe haionekani tena. Isitoshe, Pero tayari ana daraja lenye jina lake pale bandarini tangu 1999.

Mleta mada: Ahsante ndugu yangu, la fundi nalikubali kabisa. Vipimo vile ni elimu, na wanafunzi wa ujenzi waende wakavisome. Wala sitaki ukuta utobolewe. Kadi ya kusimamisha mezani haihitaji hata msumari.

Lakini daraja halitoshi. Nimepita pale. Wapenzi wamefunga makufuli kwenye nyaya zake, wameandika majina yao, wanapiga picha. Niliwauliza vijana wawili Pero ni nani, wakasema labda ni mhandisi aliyelijenga. Jina liko darajani, habari yake iko mlimani kule kwenye nyumba, na hakuna anayeziunganisha.

Ombi langu ni dogo: kadi moja pale kwenye kidimbwi, moja chumba cha kulala, moja mezani penye vyombo vya chai na sukari. Na mlangoni, kabla mgeni hajainua macho kuangalia dari, asome majina matatu: Pero, Nancy, Sheeba.