Mnyama wa faraja bwenini: nani asikilizwe kwanza?

Mtoa mada: Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho nchini Marekani iliamua kwamba nyumba za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, kampasi ya Kearney, ni makazi kama yalivyo makazi mengine, na kwamba sheria ya mwaka 1968 inayokataza ubaguzi katika makazi inazihusu. Mwanafunzi mwenye sonona na wasiwasi alikuwa amekataliwa kuishi na mbwa wake mdogo. Mwaka 2015 chuo kilikubali kuwalipa wanafunzi wawili dola 140,000 ili kesi iishe. Mnyama wa namna hii si sawa na mbwa aliyefunzwa kumwongoza kipofu: hahitaji mafunzo, na anaweza kuwa paka au sungura, ilmradi mtaalamu wa afya athibitishe kwa barua kwamba mwenye naye ana ulemavu na kwamba mnyama humpunguzia dalili zake. Tatizo ni kwamba barua hiyo imegeuka bidhaa. Mtu hujibu maswali machache mtandaoni, hulipa, na cheti humfikia bila daktari kumwona. Vyuo vikaze masharti.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa mada, masharti unayoyadai si mapya. Mwongozo wa Wizara ya Nyumba ya Marekani wa Januari 2020, uliokuja kuondolewa mwaka 2025, ulieleza kwamba cheti kilichonunuliwa hivyo hakitoshi peke yake, na California, tangu 2022, inamtaka mtaalamu awe na uhusiano wa kitabibu na mteja kwa angalau siku 30 kabla ya kumwandikia barua ya mbwa. Wapo wanaotaka vyuo viige mashirika ya ndege, ambayo tangu Januari 2021 hayalazimiki kuwapokea wanyama hawa. Safari ya ndege ni ya saa chache. Bwenini mwanafunzi husoma, hulala na huugua mwaka mzima wa masomo, na usiku wa manane ofisi ya ushauri nasaha imefungwa.

Mchangiaji wa pili: Nyote mmeizungumzia barua, wala hakuna aliyemtaja anayelala kitanda cha pili. Mwenye pumu ana hoja ya kitabibu, na atasikilizwa. Lakini kijana wa Kiislamu kutoka Mombasa au Zanzibar, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, atandike wapi mswala wake katika chumba cha watu wawili? Swali hili liulizwe kwenye fomu ya kuomba chumba, kabla funguo hazijagawiwa, na likisahauliwa, ahame aliyeleta mnyama.

Mtoa mada: Kuhusu fomu nakubali. Kuhusu kuhama, hapana: chuo kikimhamisha mwenye ulemavu bila hiari yake huenda kikajikuta tena mahakamani. Anayehama, yeyote awaye, apewe chumba cha hadhi ileile bila nyongeza ya ada, na gharama ibebwe na chuo kilichowapanga pamoja.