Barua za wasomaji wakati wa uchaguzi: tupeane uzoefu

Mzee wa Kiborloni: Ndugu zangu, tangu uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995 nimeona jinsi kampeni zinapoanza ukurasa wa barua unavyojaa kina "Mpenda Maendeleo, Moshi", ambao baada ya kura hawaandiki tena. Aliyewahi kuyaona haya kwa karibu atusimulie.

Binti Ngarenaro: Shikamoo Mzee. Mwaka 2010 nilikuwa mpiga chapa katika gazeti dogo hapa Arusha. Kijana wa kampeni alikuwa akileta bahasha ya kaki yenye barua za "wakazi" wa Sakina, Kijenge na Usa River, zote kwa mwandiko mmoja, nami niliagizwa nizitawanye zisifuatane. Hayo niliyazoea. Kilichonishinda ni barua ya mama muuza ndizi wa soko la Kilombero, aliyelalamikia ushuru na kumtaja diwani. Mhariri aliyafuta malalamiko, akaongeza shukrani kwa diwani huyohuyo, akaacha jina la mama chini. Mama alikuja ofisini na gazeti mkononi, akauliza mbele ya wateja: "Jina ni langu, haya maneno ni ya nani?" Mhariri alitoroka kwa mlango wa nyuma.

Jirani wa Majengo: Kweli tupu.

Mkereketwa: Dada, mbona hutaji chama? Wapinzani nao walikuwa na bahasha zao.

Binti Ngarenaro: Sikutaja chama chochote, kaka. Umejitaja mwenyewe.

Mzee wa Kiborloni: Msigombane. Gazeti la Uhuru ni la CCM na kila msomaji anajua anaingia nyumba ya nani. Linaloniumiza ni gazeti linalojiita huru huku likihofia kunyimwa matangazo ya serikali.

Mwalimu Mstaafu: Tumieni jina halisi, mtunze nakala, na mkipotoshwa mpeleke lalamiko Baraza la Habari Tanzania, kwani kupokea malalamiko ya wananchi ni kazi yake.

Duka la Kona: Mwalimu, usiwaponze watu. Mimi niliweka jina halisi, na wiki hiyohiyo wakaguzi wa leseni wakabisha hodi. Andikeni kuhusu mbwa wa jirani, hiyo haihaririwi.

Jirani wa Majengo: Inategemea jirani ni nani.

Mwalimu Mstaafu: Binti, yule mama alisahihishiwa barua yake?

Binti Ngarenaro: Ndiyo, Mwalimu, kwa mistari miwili chini ya tangazo la viwanja, diwani akiwa ameshaapishwa.