Ushauri: Maelezo ya zana niliyomwandikia AI yamesababisha laptop ya mtu kufutwa. Niyaandikeje upya?

Kitasa_Cha_Mlango (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mliowahi kuunganisha AI na mfumo wa kusimamia kompyuta za ofisi.

Niko IT hapa Dar. Tuna laptop na simu kama 300, zote ziko Intune, mfumo wa Microsoft wa kusimamia vifaa vya ofisi. Nilitengeneza seva ndogo ya MCP (utaratibu wa kuiunganisha AI na zana za nje) ili AI itusaidie kazi za kila siku: kuangalia mashine ambazo hazijasinki, kufunga simu iliyopotea, kushughulikia vifaa vya walioacha kazi. Kila zana niliiandikia mstari mmoja nikaona inatosha, maana mimi mwenyewe naelewa.

Wiki iliyopita dada mmoja wa mauzo aliacha kazi. Laptop ni yake, aliisajili tu ili apate barua pepe za ofisi. Mwenzangu akaiandikia AI: "Futa laptop ya fulani, ameacha kazi." Maelezo yangu yalikuwa haya:

retire_device: Huondoa kifaa.
wipe_device: Hufuta kifaa.
delete_device: Hufuta rekodi.

AI ikalishika neno "futa", ikaenda moja kwa moja kwenye wipe. Laptop ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Picha za mwanawe na kazi yake ya chuo, vyote vimekwenda. Nilimpigia simu, akalia. Siwezi kuilaumu mashine, maneno ni yangu. Nisaidieni.

Mama_Seva

Pole mkuu, na huyo dada mfikishie pole zetu.

"Futa" ya kwetu inabeba mambo matatu. Kijana mgeni ofisini akiambiwa "futa laptop" atakutazama usoni na kuuliza, "Nifute nini hasa?" AI ina hicho kimstari chako tu. Kwa hiyo anza na data: itapona au itapotea? Mimi ningeandika hivi:

"wipe_device: Hurudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Mafaili yote hupotea, ya ofisi na ya binafsi, na hayarudi. Ni kwa kifaa cha kampuni tu, kilichoibiwa au kinachokwenda kwa mtu mwingine. Kama kifaa ni cha mfanyakazi mwenyewe, USITUMIE; tumia retire_device, inayoondoa data na mipangilio ya ofisi na kuacha vya mwenyewe. Ombi likisema 'futa' au 'ondoa' bila ufafanuzi, uliza kwanza."

Hiyo "usitumie" ndiyo wengi tunaisahau. Tunaeleza zana inafanya nini, hatusemi inatofautianaje na ile inayofanana nayo.

Kebo_Ndefu

Naunga mkono, ila maelezo si kufuli. MCP ina alama ya destructiveHint, inayoonyesha kwamba zana inaweza kuharibu kitu. Iweke, lakini ni dokezo tu, haizuii kitu. Kinachozuia ni ruhusa, na hapo kuna mtego: kwenye Graph (njia ambayo programu hupitia kuiagiza Intune), retire na wipe zote zinataka ruhusa ya DeviceManagementManagedDevices.PrivilegedOperations.All. Ukitoa ruhusa ya moja umetoa ya zote mbili. Mimi ningeitoa wipe kabisa kwenye orodha ya AI. Iandae ombi, mtu abonyeze.

Saa_Mbili_Asubuhi

Eleza na majibu, jamani! Ukituma wipe, Graph inarudisha namba 204 bila maneno yoyote. Maana yake amri imepokelewa. Laptop iliyozimwa ndani ya begi itaipata siku itakapowashwa na kushika mtandao. AI yangu iliwahi kuniambia "tayari" wakati kifaa hakijaguswa.

Vitambulisho pia. Kile cha id (cha Intune) na kile cha azureADDeviceId (cha saraka ya akaunti ya Microsoft) vinafanana kwa macho, vyote vina alama 36 za herufi, namba na vistari, lakini si kitu kimoja. Andika zana inataka kipi, na kinapatikana kwa zana ipi. Namba ya serial peke yake usiiamini: mashine za kuungaunga unaweza kukuta kadhaa zimeandikwa "Default string".

Na saa. lastSyncDateTime, yaani mara ya mwisho kifaa kusinki, iko kwa UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ikisomeka 05:10, kwetu ni 08:10, na mtumiaji wako ataiita saa mbili na dakika kumi. Usipoandika hilo, AI itamjibu "saa tano" naye atakubali.

Kitasa_Cha_Mlango

Asanteni sana. Wipe nimeitoa, maelezo nimeyaandika upya, kisha nikaijaribu kwa maombi 20 ya lugha yetu ya ofisini: "futa", "toa", "ondoa", "safisha". 18 iliuliza au ilichagua sawa. Mawili ya "safisha" ilikwenda delete_device bila kuuliza. Hilo si baya sana, si rekodi tu inayofutika?

Mama_Seva

Hapana kaka, simamisha hiyo leo. Delete ya Intune haiishii kwenye rekodi: kutegemea aina ya kifaa na kilivyosajiliwa, hutuma pia retire au wipe. Mstari wako wa "Hufuta rekodi" ndio ulioidanganya AI, na wewe umeuamini. Andika hilo kwenye maelezo, ongeza "safisha" kwenye maneno ya kuulizia, halafu rudia yote 20.

Kitasa_Cha_Mlango

Nimeitoa sasa hivi. Kesho asubuhi narudia, nitaleta majibu hapahapa.