Naomba ushauri: VPN ya kazini inakubali mtu mmoja tu kwenye ruta moja

Wakuu, habari za usiku. Tuko wapangaji wanne nyumba moja hapa Tabata, intaneti tunachangia, ruta iko sebuleni kwa mama mwenye nyumba. Mimi na jirani yangu tunafanya kazi ofisi moja, wote tunaingia kwenye mtandao wa ofisi kwa VPN (njia salama ya kupitia intaneti) ya aina ya L2TP/IPsec, laptopu za Windows 10.

Nikiunganisha peke yangu, sekunde kama tano nimeingia. Jirani akiunganisha tu, mimi nakatika. Nikijaribu kurudi inazunguka weee, kisha inaleta kosa 809, yaani seva ya VPN haijibu. Jana tumepigiana kelele ukutani kama watoto: "Toka kwanza nimalizie!" Kwa bando la simu naingia bila shida, kwa hiyo nywila si tatizo.

Nimezima na kuwasha ruta, nimehakikisha milango (port) ya UDP 500 na 4500 inayotumiwa na VPN hii haijafungwa, hata ile AssumeUDPEncapsulationContextOnSendRule (mpangilio wa kuiruhusu Windows kuunganisha VPN hii ikiwa nyuma ya ruta) nimeiweka 2 kwenye rejista ya Windows. Wapi! Nahisi kwa kuwa tunatoka na anwani moja ya IP, seva inatuchanganya. Au ni ruta yenyewe?

Fundi wa ofisini anasema ninunue ruta nyingine, lakini nikiichomeka kwenye hii hii si tutatoka na anwani ile ile? Nimwombe atuhamishie aina nyingine ya VPN, kama OpenVPN au WireGuard, au kuna la kurekebisha kwenye seva? Mwenye nyumba ameshaanza kuniangalia vibaya kila nikienda kuchomoa ruta, tamthilia yake inakatika.