Mume wangu kapona ukoma, ila chama cha kuzikana hakimtaki msibani. Nifanyeje?

MamaKulwa: Habari zenu ndugu. Tunaishi Igombe, Ilemela. Mume wangu alimaliza dawa za ukoma, zile za miezi 12, na kituoni wakasema amepona. Lakini vidole vya mkono wa kulia vilishapinda, na mguu mmoja una ganzi. Alikuwa fundi wa nyavu za dagaa, kazi ya vidole. Hiyo imekwisha, tumekubali.

Kinachoniuma ni watu. Chama chetu cha kuzikana kinapokea mchango wake kila mwezi, ila ukitokea msiba anaambiwa, "Baba Kulwa, wewe pumzika, tutakuwakilisha." Naye sasa anajitenga. Anakula peke yake, na harusi ya mpwa wake hakwenda. Nimlazimishe au nimwache? Na chama nikiambie nini?

Mtu wa Mwaloni: Pole shemeji. Mimi ningempeleka Bukumbi kule Misungwi, kwenye makazi ya wazee na waliougua ukoma, akae na wenzake, asinyanyapaliwe.

Nesi Mstaafu: Bukumbi kwa kosa gani? Ana mke, ana watoto, ana kwake. Tusimhamishe mtu kwa sababu majirani hawajaelewa.

MamaKulwa, mgonjwa wa ukoma akishaanza dawa, baada ya muda mfupi tu haambukizi tena. Wako amemaliza kabisa. Sahani, mkono, kitanda, havina neno. Vidole vilipinda kwa sababu vijidudu viliharibu mishipa ya fahamu. Dawa huua vijidudu, haifufui mshipa uliokwisha kufa. Wanachama wakiona vidole wanadhani wanaona ugonjwa, kumbe ugonjwa haupo.

Sasa huo mguu, tafadhali sana. Kila jioni auloweke kwenye maji ya kawaida kama nusu saa. Yasiwe ya moto, maana hatasikia akiungua. Asugue sugu kwa jiwe, apake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha umkague wayo wewe mwenyewe. Asitembee pekupeku ufukweni kwenye mifupa ya samaki, na viatu visiwe na misumari. Kidonda cha mguu wenye ganzi hakiumi, ndiyo maana watu hukitembelea mpaka kinafika mfupani. Na akipata ganzi mpya, maumivu ya mishipa au jicho jekundu, aende kituoni siku hiyohiyo, hata kama dawa zilikwisha zamani. Mwili huweza kuwaka dhidi ya mabaki ya vijidudu vilivyokufa, na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe huo, ikiwahi huokoa mshipa.

Babu wa Nyehunge: Binti yangu, vidole vyangu mimi ni hivyohivyo. Usimlazimishe harusi. Harusini watu wana nafasi ya kukutazama. Aanzie msibani, kule kila mtu ana shughuli. Mimi niliomba nikae na mwenye daftari la rambirambi: yeye anaandika, mimi napokea hela. Watu wakalazimika kunikabidhi mkononi, na baadaye salamu za mkono zikarudi zenyewe.

Habari ya kula peke yake, usimwite aje mezani. Hamieni alipo, wewe na watoto na bakuli la mboga. Mtafutie na kijiko chenye mpini mnene, auvalishe mpira wa tyubu ya baiskeli. Kumwaga mboga mbele za watu ndiko kulikonifanya mimi nikimbie sherehe, wala si aibu ya vidole.

Katibu wa Buswelu: Anayelipa mchango ana haki ya kwenda msibani, someni katiba ya chama chenu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inakataza ubaguzi. Lakini usianze na sheria, utawapata kwa woga tu. Mwombe mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya aje kikaoni awaeleze. Halafu ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani imetengwa kwa wenye ulemavu. Fundi wa nyavu anaweza kusimamia vijana washone yeye akikagua.

MamaKulwa: Asanteni mno. Nitaanza na mwenyekiti nyumbani kwake, kabla ya kikao. Babu, huo mpira unaubandika kwa gundi?

Babu wa Nyehunge: Hapana, gundi huachia kwenye maji ya moto. Kata kipande cha tyubu, kivute juu ya mpini, kitajishika chenyewe.