Tupeane uzoefu: "cleave" (kupasua, au kushikamana) na vitenzi vya Kiingereza vyenye maana mbili zinazopingana

Mama Kwaya: Kusikia tu "cleave" nimekumbuka harusi moja Mbeya, mimi nikiwa matroni. Mhubiri mgeni akasoma Mwanzo 2:24 kwenye King James, ile tafsiri ya 1611: mwanamume "shall cleave unto his wife". Mkalimani, kijana wa watu, akatangaza: "Naye atapasuka na mkewe." Kanisa kimya. Mhubiri hana habari, akarudia kwa nguvu. Kijana akabadilisha: "Atatengana na mkewe!" Mama wa bibi harusi akasimama. Shangazi akaangua kilio kwamba ndoa imetabiriwa kuvunjika madhabahuni. Ikabidi mzee wa kanisa achukue maiki: "Ataambatana na mkewe, nao watakuwa mwili mmoja." Vigelegele vikapigwa, lakini bi harusi alitetemeka mpaka pete ikawa haiingii kidoleni.

Binti Moshi: Jamani! Bado wako pamoja?

Mzee wa Bucha: Mnamwonea kijana. Lile kisu pana la kuvunjia mifupa Waingereza wanaliitaje? "Cleaver".

Mwalimu Mstaafu: Alikosea, ndugu yangu. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, *clēofan* kupasua na *clifian* kushikamana, vikaja kufanana matamshi. Ukiona "to" au "unto" inafuata, ni kuambatana.

Mzee wa Bucha: Mkalimani amesimama mbele ya watu, hayo atayapima saa ngapi? Mwanzo 22:3, Abrahamu "clave the wood", akachanja kuni. Mwanzo 34:3, roho ya Shekemu "clave unto Dinah", ikaambatana na Dina. Kitabu kimoja hichohicho!

Mwalimu Mstaafu: Na hiyo ya pili ina "unto". Umenithibitishia.

Nesi Tanga: Sisi wodini tunakutana na kupasuka tu: "cleft lip", mdomo sungura.

Mama Kwaya: @Binti Moshi wapo, na watoto wanao.

Baba Paroko Msaidizi: Mwombe mhubiri aya mapema, usome Biblia ya Kiswahili kama ilivyo. Usitafsiri Maandiko papo hapo.

Dereva wa Usiku: Mimi nasema mpeni mzee wa kanisa maiki tangu mwanzo 😂

Binti Moshi: Na "let" je? 2 Wathesalonike 2:7, King James inasema "he who now letteth will let". Mdogo wangu anasema huyo anaruhusu, Biblia yetu inasema "azuiaye". Mwalimu, hapo hakuna "unto". Tunashika lipi?